Shamba Lilimwalo kwa Ajili ya Kulungu

Mkulima wa Kenya akeshaye dunguni na debe mkononi, akilinda mahindi yake yasiliwe na nguruwe mwitu, hatasadiki upesi akiambiwa kwamba katika nchi nyingine wako watu walimao shamba, wakalitia mbolea, wakapanda mbegu ya kununua, kisha wakaliacha wazi ili wanyama wa mwitu waingie na kula watakavyo. Lakini ndivyo wafanyavyo wenye ardhi wengi katika Marekani. Shamba la namna hii halina mavuno ya kupelekwa ghalani. Mwenyewe huanza kulishughulikia theluji inapoyeyuka, na faida yake huitazamia katika vuli, wakati wa kuwinda unapofunguliwa.

Mnyama alimiwaye zaidi ya wote ni kulungu wa mkia mweupe. Yeye si wa ukoo mmoja na kulungu wa misitu ya Mlima Kenya, maana pembe za dume wake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Lakini kwa tabia yao ya kujificha vichakani na kutoka jioni kula, wanafanana kiasi cha kutosha kuazimana jina.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kulungu huyo si mali ya mwenye shamba. Sheria ya Marekani humpa mtu ardhi, miti na majani yaliyo juu yake, bali mnyama wa mwitu ni amana ya watu wote chini ya ulinzi wa serikali ya jimbo. Mwenye ardhi aweza kumkataza mgeni asiingie kwake, lakini hawezi kumwua kulungu nje ya majira na kanuni za jimbo pasipo ruhusa, hata ikiwa mnyama amenenepa kwa chakula alichompandia yeye mwenyewe. Ulinzi huo ulikuja baada ya hasara kubwa. Katika karne ya 19 wawindaji wa biashara waliuza nyama na ngozi mijini, hata ilipofika mwaka 1900 kulungu waliobaki walikadiriwa kuwa chini ya 500,000. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Na mwaka 1937 ikaja sheria nyingine iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye kazi ya kurudisha wanyama. Leo kulungu hao wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. (Kenya ilishika njia nyingine kabisa, ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977.)

Majira yenyewe ndiyo sababu ya haraka ya kazi. Katika majimbo ya kaskazini, kama Wisconsin na Michigan, baridi hushika nchi miezi mingi. Majani hufunikwa na theluji, na kulungu huishi kwa kutafuna vijiti vya miti na kutumia mafuta aliyojiwekea mwilini tangu vuli. Ifikapo Machi mafuta hayo yamekaribia kwisha. Wakati huo huo jike ana mimba, naye atazaa Mei au Juni. Dume naye huanza kuotesha pembe mpya, ambazo hukomaa mwishoni mwa kiangazi. Mwenye ardhi akitaka kuwasaidia, majani mabichi ya kwanza ya mwaka yana thamani kubwa kuliko gunia la mahindi la Oktoba.

Hata hivyo, wenye pupa hukimbilia duka la mbegu, wakavutwa na mfuko uliochapwa picha ya dume mwenye pembe kama kichaka. Mwenye busara huanza na udongo. Huchota udongo kutoka mahali kadha wa kadha katika kipande chake, kina cha inchi 6 hivi, akauchanganya katika ndoo safi, akaukausha, akaupeleka kupimwa. Tangu sheria ya mwaka 1914 iliyounganisha vyuo vikuu vya kilimo na mafunzo ya wakulima vijijini, karibu kila wilaya ya nchi ile ina ofisi ya mashauri, mfano wa ofisi ya Bwana Shamba, na gharama ya kupima huwa ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja wa mbegu.

Kinachotafutwa kwanza ni uchachu wa udongo. Katika kipimo hicho namba 7 ni udongo ulio katikati, usio mchachu wala wenye magadi. Namba ikishuka, uchachu umezidi. Klova, ambayo ni majani mafupi ya jamii ya kunde na maharagwe, hupenda udongo ulio kati ya 6 na 7. Udongo wa msitu uliotoka kufyekwa mara nyingi huwa chini ya hapo, na katika udongo mchachu sana mbolea ya fosfeti hufungwa isiweze kunyonywa na mizizi. Mtu aweza kumwaga mbolea ya fedha nyingi asione tofauti. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa, ambalo huenda likahitajika tani moja, mbili au zaidi kwa ekari. Nayo haifanyi kazi kwa siku moja. Chokaa iliyotandazwa Aprili humfaa zaidi apandaye Agosti. Aliyetaka klova ya Machi alipaswa kuitandaza mwaka uliotangulia. Wengi hushindwa hapa, si kwa ujinga, bali kwa kuwa tani mbili za unga wa mawe si mzigo wa kupelekwa katikati ya msitu kwa toroli.

Palipo na udongo mzuri, kupanda klova ni kazi nyepesi ajabu. Mwishoni mwa Februari au katika Machi, usiku ardhi huganda kwa baridi na mchana huyeyuka. Kwa kuganda na kuyeyuka huko uso wa udongo hupasuka vijishimo vidogo kama sega la nyuki. Mwenye shamba hupita asubuhi mapema, udongo ungali mgumu chini ya viatu, na mashine ndogo ya kurushia mbegu ikining'inia kifuani, akarusha ratili chache tu kwa ekari. Hapana plau wala haro. Mbegu ya klova ni ndogo mno, ratili moja ina mbegu mamia ya maelfu, nayo ikifukiwa zaidi ya robo inchi aghalabu haioti. Siku zinazofuata baridi yenyewe huifunika kwa kipimo kinachostahili. Kabla ya kurushwa, mbegu huchanganywa na unga wenye vijidudu vya mizizini, ambavyo humwezesha mmea kupata naitrojeni kutoka hewani; na kila jamii ya mimea ina vijidudu vyake, hata vile vya klova haviisaidii kunde.

Kunde nayo imo katika mashamba haya, hasa katika majimbo ya kusini kama Georgia na Alabama, ambako hupandwa joto likiisha kuingia udongoni. Msomaji huenda akastaajabu kusikia kwamba kulungu wa Marekani hulishwa kunde, na kwamba kwale na bata mzinga wa mwituni hupandiwa mtama. Mimea hiyo miwili asili yake ni Afrika, nayo ilifika Marekani zamani za biashara ya utumwa. Ila kunde ina shida moja: kulungu huipenda kupita kiasi. Katika kipande cha nusu ekari, palipo na wanyama wengi, humaliza miche yote kabla haijapata majani manne, na mwenye shamba hubaki na ardhi tupu. Ndiyo maana wengine huzungushia waya wa umeme kwa majuma ya kwanza. Klova hustahimili zaidi, kwa sababu shina lake hutambaa chini, mdomo usipolifikia.

Lakini hata shamba likistawi namna gani, ni sehemu ndogo ya mambo. Kulungu mmoja aghalabu huzunguka katika eneo la maili moja ya mraba, ambayo ni ekari 640, na katika majimbo mengi ya kati watu wana vipande vya ekari 40, kwa kuwa ndivyo ardhi ilivyopimwa na kugawanywa tangu zamani. Asubuhi mnyama yuko kwa huyu, usiku yuko katika soya ya jirani. Tena sehemu kubwa ya chakula chake hutoka porini: machipukizi, magugu, matunda ya miiba na kokwa za mwaloni. Kwa hiyo shoka, au siku hizi msumeno wa mashine, huweza kumlisha kuliko jembe. Chini ya miti mikubwa iliyofungana jua halifiki, wala hapaoti kitu cha kuliwa. Miti michache isiyo na faida ikiangushwa mwishoni mwa baridi, mwanga huingia, visiki hutoa machipukizi kwa kimo cha mdomo wa mnyama, na vichaka vya kulalia watoto huota vyenyewe pasipo mbegu ya kununua.

Moto nao ni chombo. Katika misitu ya misonobari ya kusini, Herbert Stoddard alichunguza maisha ya kwale, na katika kitabu chake cha mwaka 1931 akaonyesha kwamba ndege huyo hupungua pale msitu usipochomwa mara kwa mara, ingawa wakati ule mabwana misitu wengi walihesabu kila moto kuwa adui. Siku hizi wenye ardhi huchoma kwa zamu, kipande hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, baada ya kulima ukanda mtupu pande zote, kutazama upepo na kutii masharti ya idara ya misitu. Moto wa majira hayo si wa kuchezewa. Aldo Leopold, mwindaji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alinunua shamba lililochakaa mwaka 1935, na kila majira ya machipuko alikwenda huko na jamaa yake kupanda misonobari kwa maelfu. Tarehe 21 Aprili, 1948, alikuwa akisaidia kuzima moto wa majani katika shamba la jirani, moyo ukasimama, akafa palepale.

Mwezi Mei na Juni kazi hubadilika kuwa kujizuia. Bata mzinga hutaga chini katika majani marefu, na mtoto wa kulungu, akisikia trekta, hakimbii, hulala kimya mahali mama alipomwacha. Mwenye mashine ya kukatia majani akiwa na haraka ya kuona shamba lake nadhifu, huua kile alichokusudia kukilea.

Tena kuna wema uliogeuka madhara. Kuanzia miaka ya 1930 wataalamu wa serikali waliwagawia wakulima miche ya waridi fulani la Asia, ili liwe ua hai na maficho ya ndege. Likaenea malishoni, na leo majimbo kadhaa yamelitangaza kuwa gugu baya. Wakulima wa huko hawajalisahau.

Na idadi ya wanyama yenyewe yaweza kuwa taabu. Mwaka 1943 jimbo la Wisconsin liliruhusu majike pia kupigwa, kwa kuwa kulungu wa kaskazini walikuwa wamezidi chakula na kufa njaa wakati wa baridi. Wawindaji wengi walikasirika, na Leopold, aliyekuwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya jimbo, alilaumiwa hadharani. Siku hizi kuna hofu nyingine, ugonjwa wa ubongo usio na tiba uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, ambao huambukizwa kwa mate, mkojo na mavi. Kwa ajili yake majimbo mengi yamekataza kuwamwagia kulungu lundo la mahindi, maana midomo yote hukutana mahali pamoja. Lakini shamba lililopandwa mara nyingi huruhusiwa.

Wapo wanaotumia kipimo rahisi kujua kama wanyama wamezidi. Mara baada ya kupanda, husimamisha katikati ya shamba kizimba cha waya, duara la futi 3 au 4, ili mdomo usifike ndani yake. Katika Juni hulinganisha. Klova ya ndani ikiwa imefika magotini na ya nje imeng'olewa hadi ardhini, kuongeza shamba hakutasaidia kitu. Mwenye ardhi huyo, Novemba ikifika, huomba kibali cha kupiga majike.