Tani Iliyotoka na Tani Ambayo Ingetoka: Istilahi za Hesabu ya Kaboni

Tangu zilipotoka Kanuni za Biashara ya Kaboni za mwaka 2022, nyaraka ambazo zamani zilisomwa na wataalamu wachache zimeanza kufika katika ofisi za halmashauri na mikutano mikuu ya vijiji. Aghalabu huandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni, kisha mfasiri au mwalimu aliye karibu huombwa azigeuze kwa Kiswahili upesi. Katika tafsiri za namna hiyo tumekutana na “mikopo ya kaboni” na “fidia ya kaboni”. Istilahi ya kwanza ni kosa la wazi. Ya pili ina hatari zaidi, kwa kuwa inasikika kana kwamba ni sahihi. Kabla ya kuzijadili hatuna budi kukieleza kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza vitu vya anasa: pete, mikufu, mikoba ya ngozi. Ofisi zake zipo Paris au Milan, na anayezitembelea haoni moshi wowote. Lakini mwenye kuhesabu kaboni yake huanzia mbali. Na asimame Usagara, Wilaya ya Misungwi (si ile Usagara ya kale ya upande wa Kilosa), mahali ambapo barabara itokayo Mwanza hugawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Sengerema na Geita. Geita upo mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza kuzalisha mwaka 2000, na ambao kwa miaka mingi ulijipatia umeme kwa mitambo ya mafuta. Mwanza kipo kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa Juni 2021. Hatudai kwamba dhahabu hiyo huishia kwa kampuni hii au ile. Twaonyesha njia ya hesabu tu. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, hivyo lori lililochoma lita 100 limekwisha kutoa zaidi ya robo tani. Zamani malori yalipanga foleni Kigongo kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 yanapita darajani, na jambo hilo nalo hubadili hesabu.

Ngozi ya mkoba ina hesabu yake. Ng’ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo si ukaa, lakini tani yake moja huhesabiwa kuwa sawa na takriban tani 28 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo hati zinapotaja jumla ya tani, mfasiri asiandike “tani za ukaa” akaishia hapo. Aandike “tani za ulinganifu wa ukaa”. Neno ukaa lenyewe ni zuri, maana ni jamaa wa makaa na kila mtu hulielewa asili yake. Udhaifu wake ni kwamba msikilizaji hudhani linahusu moshi, ilhali hewa hiyo haina rangi wala harufu.

Kwamba sehemu kubwa ya hesabu haimo ofisini si dhana tu. Mwaka 2011 kampuni ya viatu ya Puma, iliyokuwa chini ya kundi la PPR (leo Kering, wenye Gucci), ilitangaza kwamba madhara yake kwa mazingira katika mwaka 2010 yalikadiriwa kuwa euro milioni 145. Asilimia 6 tu ndiyo iliyotokana na shughuli zake yenyewe. Zaidi ya nusu ilitoka kwenye malighafi, yaani huko kwenye ng’ombe na pamba.

Sasa tugeukie upande wa pili wa daftari. Tani ambazo kampuni haikuweza kuzipunguza, hununua nyingine mahali pengine. Mfano ulio karibu nasi ni Kasigau nchini Kenya, kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako wenyeji hulinda msitu uliokuwa ukikatwa kwa makaa na mashamba. PPR walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Hapa sarufi yetu hutusaidia kuliko maelezo marefu. Tani ya lori ilitoka. Tani ya Kasigau ingetoka, kama msitu ungekatwa. Ya kwanza hupimwa kwa stakabadhi za mafuta. Ya pili hukadiriwa kwa jambo ambalo halikutokea. Mfasiri anayeandika “mradi umeokoa tani kadhaa” ameifuta -nge-, na pamoja nayo shaka yote ambayo msomaji alistahili kuijua.

Shaka hiyo si ndogo. Gucci walitangaza mwaka 2019 kwamba kaboni yao yote imesawazishwa. Baadhi ya tani walizonunua zilitoka mradi wa Kariba, Zimbabwe, ambao baadaye ulishutumiwa kwamba makadirio yake yalizidishwa. Kufikia 2023 Gucci walikuwa wameliondoa tamko hilo.

Turudi kwenye istilahi. “Mkopo wa kaboni” tunaukataa kabisa: hakuna akopaye wala alipaye riba, na mwanakijiji anayesikia neno hilo atahofia dhamana. Kinachouzwa ni cheti cha tani moja. Tunapendekeza “hati ya kaboni”. Kuhusu “fidia”, wakazi wa maeneo ya migodi wanalijua neno hilo vizuri sana: ni haki ya aliyechukuliwa shamba au nyumba. Akiambiwa “fidia ya kaboni”, atauliza tathmini ilifanyika lini, naye atakuwa na haki ya kuuliza. Kumbe katika mkataba huo yeye ni muuzaji, tena anayejifunga kwa miaka mingi kutokata msitu. Tofauti hiyo yaweza kugunduliwa baada ya sahihi kutiwa.

Badala yake tunapendekeza “usawazisho wa kaboni”. Twakiri kwamba neno hili nalo lina upungufu, kwani linadai mizani imekaa sawa. Hata hivyo halimbadilishi muuzaji kuwa mdai. Pale ambapo hati itasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, ni afadhali istilahi iachwe na sentensi nzima iandikwe: “Kijiji kinauza hati za tani ambazo zingetoka kama msitu huu ungekatwa, na kinaahidi kutoukata kwa miaka ifuatayo,” kisha miaka itajwe kwa tarakimu na kwa maneno.