Mgonjwa wa Uani na Muuguzi Wake

Mbwa akiugua hujitenga. Huingia uvunguni au nyuma ya pipa la maji, akajikunja, akakataa chakula, na hata akiitwa kwa jina hufungua jicho moja tu. Wengi huona hapo kwamba mnyama amekata tamaa. Wanaanza kumsumbua: wanamwamsha, wanamsogezea sahani puani, wanamburuta hadi juani. Mwaka 1988 Benjamin Hart, daktari wa wanyama na mtafiti wa tabia zao katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, alichapisha makala iliyowafanya wenzake waitazame upya hali hiyo. Alieleza kuwa usingizi ule, kujitenga kule na kukosa hamu ya kula si dalili za kushindwa. Ni namna ya kupigana. Seli za kinga zikikutana na vijidudu hutoa kemikali za kupashana habari, mojawapo ikiwa intalukini-1, na habari hiyo hufika mpaka kwenye ubongo, ambao huamuru joto lipande, njaa izimwe na mwili ulale. Joto likipanda, vijidudu vingi huzaana kwa shida. Lakini kulipandisha kunakula nguvu nyingi, kwa hiyo mnyama huacha kila kingine: hatembei, hachezi, hawindi.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa uuguzi wote wa nyumbani. Mwili wa mnyama unajua kujiponya. Kazi ya familia ni kuupa unachohitaji na kuuepusha na madhara, na katika nyumba nyingi anayeiweza kazi hiyo kuliko wote ni mtoto, yule anayependa wanyama na ambaye wakubwa humwambia kila siku aache kucheza na mapaka.

Kwa dada yangu, Tanga, mtoto huyo ni mpwa wangu, binti wa miaka 13. Nyumba yao ni ya kawaida. Alfajiri mama anakaanga vitumbua vya kuuza, bibi anafagia uani, kaka anatoka na ndoo kutafuta maji. Yeye, kabla hajavaa sare ya shule, hupita kwanza kwa wagonjwa wake. Mtaani wameshamjua: kifaranga akivunjika mguu au paka akigongwa na bodaboda, analetwa kwake. Mama yake amemtengea pembe ya banda la kuni na kumpa masharti mawili tu, kwamba sahani na matambara ya wanyama yasichanganywe na vyombo vya jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anapotoka huko. Ni masharti ya maana sana. Minyoo, ukurutu wa fangasi na bakteria kadhaa wa tumboni huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu kupitia mikono hiyohiyo.

Mgonjwa wake aliyemsumbua zaidi alikuwa mtoto wa mbwa aliyeanza kutapika, kisha akaharisha damu yenye harufu kali. Daktari wa mifugo aliutaja ugonjwa mara moja: parvo. Virusi vya parvo vya mbwa vilitambuliwa mwaka 1978, vikaenea duniani kwa muda mfupi mno, kwa kuwa hakukuwa na mbwa mwenye kinga dhidi yavyo. Ni jamaa wa karibu wa virusi vinavyosababisha homa ya matumbo ya paka. Virusi hivi haviwezi kuzaana ila ndani ya seli zinazogawanyika kwa kasi, na ndani ya mbwa mchanga seli hizo ziko hasa katika ukuta wa utumbo na katika uboho. Ukuta wa utumbo ukichubuka, maji na damu huvuja na bakteria wa tumboni hupenya hadi kwenye mishipa. Wakati huohuo uboho, unaotengeneza seli nyeupe za kupambana nao, umelemazwa. Mtoto wa mbwa asipotibiwa, mara nyingi hufa ndani ya siku chache.

Hakuna dawa ya kawaida inayoua virusi hivyo. Dripu hurudisha maji na chumvi, sindano huzuia kutapika na maambukizi ya bakteria, na muda uliobaki ni wa kuusubiri mwili uoteshe ukuta mpya wa utumbo. Hapo ndipo nyumba inapoanza kazi. Zamani mbwa wa parvo alifungishwa, yaani alinyimwa chakula kabisa, mpaka aache kutapika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Onderstepoort, Afrika Kusini, uliwalinganisha mbwa waliofungishwa na waliolishwa mapema kidogokidogo, ukaonyesha kuwa waliolishwa walipata nafuu haraka zaidi. Sababu yake inaeleweka: seli za utumbo hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita ndani yake. Basi binti yule, kwa maelekezo ya daktari, alimtilia mgonjwa wake mchuzi mwepesi wa kuku usio na kitunguu wala viungo, kijiko baada ya kijiko, asubuhi kabla ya shule, na bibi akaipokea zamu mchana. Maziwa yalipigwa marufuku, ingawa ndiyo wengi hukimbilia. Utumbo uliochubuka hauna uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikibaki tumboni huvuta maji na kuzidisha kuharisha.

Mbwa alipona. Lakini ua wa nyumba haukuwa umepona, na hili familia nyingi hazilijui. Virusi vya parvo huweza kukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi, hata kufikia mwaka, vikimsubiri mbwa mwingine. Sabuni peke yake haiviui. Sakafu huoshwa kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha humwagiwa maji yenye Jik na kuachwa hivyo kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Udongo hauoshwi kwa Jik, kwa hiyo mtoto mwingine wa mbwa asiletwe kwenye ua huo bila chanjo kamili. Na chanjo yenyewe ina kanuni yake. Kinga ambayo mama humpa mtoto kupitia maziwa ya kwanza huizuia chanjo kufanya kazi, nayo huisha kwa nyakati tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo sababu chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Anayechanja mara moja akaishia hapo amemwachia mbwa wake mlango wazi.

Paka ni habari nyingine kabisa, na kumtunza kama mbwa mdogo ni hatari. Nilikuwapo siku alipoletwa paka aliyeng'atwa mgongoni na mwenzake, kidonda kikiwa kimevimba usaha na mwili ukichemka. Bibi alimhurumia.

"Mkatie robo ya Panadol, mjukuu wangu. Anaungua huyu."

"Hapana, bibi. Daktari alisema kwa paka ni sumu." Kisha akanigeukia. "Mjomba, kwa nini kwetu iwe dawa na kwake iwe sumu?"

Swali lake lina jibu zuri. Ini la binadamu likipokea parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, huifunga na aina ya sukari iitwayo asidi ya glukuroni, ikatoka kwa mkojo bila madhara. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya maalumu, na kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Kwa paka, jeni muhimu mojawapo ya hizo iliharibika zamani sana. Si kwa paka wa nyumbani pekee, kwani watafiti wameikuta imekufa kwa simba na duma pia. Ufafanuzi unaokubalika ni kwamba mababu zao waliishi kwa nyama tupu. Hawakula mimea, hawakukutana na sumu nyingi za mimea, na jeni ambayo haitumiki hupotea bila mwenyewe kupata hasara. Hasara ilikuja baadaye, binadamu alipoingia na kabati la dawa. Parasetamoli isiyofungwa hugeuka kemikali inayoharibu chembe nyekundu za damu hata zisiweze kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, paka huhema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na hata kipande kidogo si salama. Aliyekwisha kupewa akimbizwe kwa daktari saa hiyohiyo, kwa sababu ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Upungufu huohuo wa ini ndio unaofanya dawa za kuua vijidudu zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji zisifae kwa paka. Akioshwa nazo kidonda, huzipokea kupitia ngozi, kisha hujilamba na kuongeza. Kidonda cha paka huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Paka yule wa kung'atwa alihitaji pia daktari amkamue usaha na ampe antibiotiki, kwa sababu jino la paka ni jembamba: hupanda bakteria ndani na ngozi ikafunga juu yake. Siku zilizofuata shimo la jeraha lilijaa nyama nyekundu yenye chembechembe, na dada yangu alishtuka akidhani kidonda kinaoza. Kumbe ndiyo nyama mpya, yenye mishipa midogo ya damu inayoota kwa wingi, na juu yake ngozi hutambaa kutoka kando kuelekea katikati. Ikisuguliwa kwa pamba ili "kusafishwa", kazi ya wiki nzima hufutika. Ikilambwa vilevile. Binti alikata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, akazungushia ukingo kitambaa, akamvisha paka shingoni asiweze kujilamba, na paka akanuna lakini akapona.

Tofauti nyingine na mbwa ni njaa. Mbwa aliyekuwa na afya njema akikataa chakula siku mbili kwa homa anaweza kuvumilia. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula kabisa, mafuta ya mwili hufurika kwenye ini kuliko linavyoweza kuyashughulikia, na ini lenyewe huanza kushindwa. Hivyo ile subira niliyoisifu mwanzoni ina kikomo kwake. Dagaa waliochemshwa na kupashwa moto kidogo, ili harufu ipande, mara nyingi humrudisha kwenye sahani. Pua ikiwa imeziba hapati hamu ya kula, basi isafishwe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Kinachonifurahisha zaidi kwa mpwa wangu ni daftari lake. Daktari alimfundisha vipimo ambavyo havihitaji kifaa chochote. Mnyama akiwa amelala huhesabu kupanda kwa kifua kwa dakika moja. Mbwa au paka anayepumua zaidi ya mara 30 usingizini anahitaji kuangaliwa. Hubonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha hutazama: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2, la sivyo damu haizunguki vizuri. Hafuati ule mtindo wa kugusa paji la uso, kwani joto la kawaida la mbwa na paka ni nyuzi 38 hadi 39, na kwa mkono wa mtu kila mbwa mzima huonekana ana homa. Huandika pia amekunywa mara ngapi, amekojoa lini, choo kikoje. Daktari akiuliza, anapata jibu la uhakika, na kwa mgonjwa asiyeweza kusema jibu hilo ni nusu ya matibabu.

Lakini upo ugonjwa mmoja ambao mtoto haruhusiwi kuuguza: kichaa cha mbwa. Mnyama aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole mno, anayedondosha mate, anayeyumba au kushindwa kumeza, asiguswe hata kwa huruma. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayeng'atwa, au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo.

Wazazi, mbwa na paka wenu wapelekeni kwa afisa mifugo wa kata wakachanjwe, na mnapokwenda mchukueni na yule mtoto anayewalisha. Mnunulieni daftari, na mwacheni amuulize daktari maswali yake mwenyewe.