Kitambulisho ni jambo moja, cheti cha uraia ni jingine

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia Wamarekani wanagombania kama mpiga kura aonyeshe kitambulisho au la, hushangaa. Tanzania ukijiandikisha unapewa kadi ya mpiga kura bila kulipa, basi. Marekani haina kitambulisho cha taifa, wala tume moja inayosimamia uchaguzi wote. Katiba yao imewaachia majimbo kupanga taratibu, Bunge la nchi likiruhusiwa kuzibadili. Ndiyo maana North Dakota hakuna kujiandikisha kabisa, ilhali kwa sheria ya Texas ya 2011, kibali cha kubeba bastola kilikubalika kituoni na kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikakataliwa.

Ndani ya ugomvi huu mna mambo mawili ambayo wanasiasa huyachanganya, mara nyingine kwa makusudi. La kwanza ni kuonyesha kitambulisho chenye picha siku ya kura. Indiana ilipitisha sheria hiyo 2005, na Mahakama ya Juu ikaibariki 2008. Wapinzani walitabiri kwamba watu wengi wangebaki nyumbani. Utafiti wa wachumi Enrico Cantoni na Vincent Pons, uliochapishwa 2021 ukichunguza miaka ya 2008 hadi 2018, haukuona sheria za aina hiyo zikipunguza wapiga kura kwa kiasi cha kutajwa. Haukuona zikipunguza udanganyifu pia. Makelele yote yale, na daftari la wapiga kura likabaki vilevile!

La pili ni kudai hati ya uraia mtu anapojiandikisha, na hapa mambo hubadilika. Kwa kawaida Mmarekani huweka saini kuapa kwamba ni raia, akijua kuwa uongo ni kosa la jinai. Kansas ikaona kiapo hakitoshi. Kuanzia Januari 2013, aliyejiandikisha pale anapochukua leseni ya udereva alitakiwa alete cheti cha kuzaliwa, pasipoti au hati nyingine kama hizo. Baadhi ya waliozuiwa wakaenda mahakamani. Mlalamikaji mmoja alikwama kwa sababu alizaliwa katika kambi ya jeshi ambayo baadaye ilifungwa, na cheti chake hakikujulikana kilipo.

Kesi ilipofika mbele ya Jaji Julie Robinson, ikabainika kwamba zaidi ya watu 31,000 walizuiwa, karibu wote raia halali. Na wasio raia walioingia daftarini kwa miaka 19? Hawakuzidi 39, tena baadhi yao kwa makosa ya makarani. Juni 2018 jaji akaifuta sheria, na kumwamuru Kris Kobach, waziri wa jimbo aliyeitetea mwenyewe mahakamani, akahudhurie saa 6 za masomo ya sheria. Mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo 2020.

Hata hivyo, Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kudai hati ya uraia nchi nzima. Tuwafikirie tu wanawake waliobadili jina baada ya ndoa: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, leseni ina jingine, na wao ndio watakaohangaika kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Wanaoutetea muswada huo wana haki ya kutaka daftari safi. Lakini kwanza watueleze watafanya nini ambacho Kansas haikufanya.