Pori yetu inaenda wapi?

Uliza mzee mmoja wa Lubumbashi: "Baba, wakati wa utoto wenu watu walikata kuni wapi?" Atakuonyesha kwa kidole mahali ambapo leo kuna malupango na malata tu. Sasa uliza wale wanaoingia mjini asubuhi na mifuko ya makala juu ya kinga. Watakutajia mahali mbali sana.

Yale mzee anayokumbuka, kuna picha zinazoyashuhudia. Mwaka 1972 Marekani ilirusha juu sateliti ya kwanza ya Landsat, na zingine zilifuata. Zinazunguka dunia na kupiga picha za inchi. Tangu mwaka 2008 picha hizo zinapatikana bure. Kwenye picha za leo, kila nukta ni kipande cha udongo cha metre 30 kwa 30. Haikuoni wewe na shoka yako, lakini shamba lako inaliona.

Namna gani inatofautisha mti na malata? Jani lenye uzima linameza mwanga mwekundu, na linarudisha kwa nguvu mwanga mwingine ambao macho yetu hayaoni. Malata na udongo mtupu havifanyi vile. Kompyuta inapima tofauti hiyo, halafu inalinganisha picha ya zamani na ya leo.

Lakini tuangalie vizuri! Wakati wa kiangazi miti mingi ya miombo inaangusha majani, na moto unachoma pori. Mtu akilinganisha picha ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa nane, atalia kwamba pori imekwisha, kumbe imelala tu. Picha zote mbili zipigwe mwezi mmoja.

Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamesoma picha za namna hii. Pori inapunguka kuzunguka mji, sababu ya makala, mashamba na ujenzi.

Sasa shika neno hili: vidonda si vya namna moja. Muombo uliokatwa unachipuka tena kwenye kisiki chake, kama hatuchomi wala hatulimi pale kila mwaka. Miaka ikipita, picha itaonyesha majani tena. Lakini lupango yenye nyumba haichipuki. Kwa hiyo, mbele ya kugawa udongo, chifu na watu wake wangeomba kuonyeshwa picha: wapi visiki vingali vizima? Pale wazuie moto, wangoje.

Na sisi wa mjini? Tunasema kosa ni ya wachoma makala. Lakini mifuko yao inaishia kwenye mbabula ya nani? Mama, loweka maharagi usiku, funika chungu, zima makala yanayobaki. Baba, ukinunua lupango, panda miti. Sateliti haitaona chungu chako, lakini itaona pori ambayo haikukatwa.