Aliyetoka kuugua hatwishwi ndoo



Ndugu msomaji, leo naomba nianze na habari ya aibu yangu mwenyewe. Wengi mnamfahamu padri akiwa altareni, amevaa kanzu na stola. Hamjamwona alfajiri akiwa na fulana iliyochakaa, ananyanyua vyuma nyuma ya nyumba ya mapadri. Mimi ndiye huyo. Nilianza miaka tisa iliyopita, baada ya daktari kunipima shinikizo la damu na kuniambia nichague: nitoke jasho au niongeze vidonge.

Vyuma vyenyewe si vya dukani. Vijana wetu hapa Tandahimba walijaza zege kwenye makopo ya rangi, wakachomeka bomba la chuma katikati, wakaliacha likauke. Kuna seti ndogo, ya kati na kubwa. Asubuhi tatu kwa wiki tunakutana hapo, na kwa umri wangu wa miaka hamsini na kitu nilikuwa nimefika kwenye ile kubwa.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, nikashikwa na homa ya mapafu. Wiki mbili hospitalini, tatu nyumbani. Nilipoinuka, mkanda wa suruali ulitobolewa tundu jipya. Asubuhi ya kwanza niliporudi, vijana walinipigia makofi: "Baba Paroko karudi!" Nami, badala ya kuanza na seti ndogo, nikaishika ileile kubwa niliyoiacha. Mwili haukuitaka. Niliishika kwa sababu nilikuwa natazamwa. Mara ya kwanza ikapanda. Mara ya pili kiuno kikanikamata, nikashindwa hata kunyooka.

Siku nane nililala mkekani. Dominika iliyofuata niliadhimisha Misa nikiwa nimeshikilia ukingo wa altare, na nilipofika mahali pa kupiga goti baada ya kuinua Hostia, sikuweza. Niliinamisha kichwa tu. Kwa padri, hilo linauma kuliko kiuno. Kiburi ndicho kilichoninyima goti.

Jioni yake mama mmoja wa WAWATA aliniletea uji. Akaniangalia kwa huruma na kunisuta kidogo: "Baba, hivi kwenu mtoto aliyetoka kuugua anatwishwa ndoo?"

Huku kwenye uwanda wa Makonde, swali la ndoo si mzaha. Kwa miaka mingi akina mama wameshuka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kichwani, kwa kuwa juu huku maji yalikuwa adimu. Wanajua uzito. Binti huanza na kidumu cha lita 5, kisha lita 10, mpaka afike ndoo ya lita 20. Akiugua na kupona, mama yake humrudisha kwenye kidumu, wala hakuna anayemcheka.

Mimi si daktari, lakini kule mkekani nilisoma kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 12 wenye umri mkubwa na afya nzuri, waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa fikiria mtu aliyelala wiki tano na homa juu yake.

Lakini ipo pia habari njema. Mwaka 2010 Kristian Gundersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, walichunguza misuli ya panya. Waliona kwamba misuli iliyofanyishwa kazi nzito iliongeza viini ndani yake, na iliponywea baadaye, viini vile vilibaki. Ndiyo maana wataalamu huzungumzia kumbukumbu ya misuli. Mtu aliyewahi kuwa na nguvu huzirudia upesi kuliko anayeanza. Kwa hiyo anayerudi haanzii sifuri, lakini pia haanzii pale alipoachia. Akisahau la kwanza atakata tamaa. Akisahau la pili atalala mkekani kama mimi.

Maandiko yanalijua jambo hili. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hamhubirii wala hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena. Kisha anamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Ndipo Eliya anatembea siku arobaini mpaka Horebu. Hata binti wa Yairo, alipofufuliwa, agizo la Bwana Yesu kwa wazazi wake lilikuwa apewe chakula.

Wabenedikto wa Ndanda, jirani zetu wilayani Masasi, wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanuni hiyo inaruhusu mgonjwa aliyedhoofika sana kula nyama, ambayo wenzake hawali, mpaka apate nafuu. Na inapomweleza abati namna ya kuongoza, inamkumbusha Yakobo katika Mwanzo, sura ya 33. Esau alitaka waende pamoja kwa mwendo wake. Yakobo akakataa kwa upole, kwa kuwa watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na wakiharakishwa hata siku moja, kundi lote litakufa.

Niliyafundishwa hayo seminarini zaidi ya miaka 30 iliyopita. Niliyaelewa mkekani, nilipomkumbuka mtu mmoja.

Simtaji jina. Alikuwa ameacha kanisa zaidi ya miaka 10, kwa ugomvi wa kifamilia uliozuka kwenye mazishi ya baba yake. Dominika moja alirudi, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Baada ya Misa akanifuata ofisini. Nami nikafungua daftari. Nikamuuliza kadi ya zaka iko wapi. Nikamwambia jumuiya haimtambui, watoto wawili hawajabatizwa, ndoa haijabarikiwa, na mchango wa ujenzi hajautoa tangu msingi. Kila nililosema lilikuwa kweli. Kila mara aliitikia, "Ndiyo, Baba." Dominika iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Mambo yale yote yalikuwa halali. Kosa langu ni kumtwisha yote asubuhi ya kwanza, mtu ambaye nguvu zake zote alikuwa amezimaliza kwa kuvuka mlango wa kanisa.

Nilipoweza kupanda pikipiki, nilimfuata shambani. Ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho salfa, naye alikuwa na mashine mgongoni. Nikamwomba radhi. Hakujibu upesi. Aliniuliza kwanza kama kiuno kimepona, maana habari zilikwisha kumfikia. Nikamwambia, "Njoo ukae tu. Mengine tutayabeba pamoja, moja moja." Amekuja mara nne tangu siku ile. Mara ya nne hakukaa mlangoni.

Ndugu msomaji, kama unarudi kwenye mazoezi baada ya kuugua, muone kwanza daktari na umalize dawa zako. Anza na uzito ambao ungeuonea aibu zamani, nusu au hata pungufu. Uongeze wiki kwa wiki, si siku kwa siku. Kula vizuri: mbaazi, kunde, mayai, dagaa, na korosho zetu. Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi inakata, weka chini. Mwenda pole hajikwai.

Na kama unarudi kwa Mungu baada ya miaka ya kukaa mbali, usisubiri mpaka uweze Rozari nzima. Sali Baba Yetu moja leo usiku. Yale uliyofundishwa utotoni hayajafutika; nayo yana kumbukumbu yake.

Na wewe mwenyekiti wa jumuiya, katekista, mzee wa kanisa, padri mwenzangu: leo tazama benchi la nyuma. Ukimwona mtu ambaye hukumwona siku nyingi, msalimie, umuulize habari za nyumbani, uishie hapo. Daftari lipo, halitaondoka.

Mimi nimerudi kwenye seti ndogo. Vijana hawapigi makofi tena. Lakini tangu Dominika ya pili nilianza kupiga goti, polepole, nikishikilia altare, na sasa nainuka bila kushika kitu.

Nawatakia Dominika njema.