Kuongeza mafuta si kufanya vidanje: tuchunge moteri ya kooperative yetu



Mara nyingi kwenye gazeti hili naandika juu ya mbegu na magonjwa ya muhogo. Leo naandika juu ya moteri. Ukivuna vizuri halafu mashini ya kusaga ikufe, mavuno yanakwama nyumbani. Jambo hilo nimeliona kwa macho.

Kooperative moja, ambayo jina sitalitaja, moteri yake ya mazutu ilikaza katikati ya mavuno ya mahindi. Komite ilishangaa: « Lakini sisi tunatia mafuta kila juma! » Na ni kweli, walikuwa wanatia. Fundi alipofungua, alikuta chini tope jeusi, nzito kama ugali wa moto. Pete za pistoni zilikuwa zimekwisha, na kusineti zimeungua. Vipuri vilitafutwa Baraka, vikakosekana, vikaagizwa Uvira. Wakati huo wote wamama walirudi kwenye kinu na mchi, na wengine walibeba mahindi kichwani mpaka kijiji kingine. Pesa iliyotoka ilipita bei ya mafuta ya mwaka mzima.

Kosa lao lilikuwa moja tu: walikuwa wanaongeza, hawakuwa wanabadilisha.

Mafuta yanafanya kazi gani?

Mafuta ya moteri yanatelezesha chuma juu ya chuma, lakini si hilo tu. Yanabeba moto kutoka fasi ambapo maji au upepo haufiki. Yanaosha masizi na unga wa chuma. Yanaziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda ili nguvu isipotee. Tena yanakinga kutu.

Kwa hiyo mafuta yanakula uchafu siku zote. Yanaingiwa na vumbi, masizi, mazutu kidogo, na matone ya maji. Moto nao unayachosha, yanapoteza nguvu. Mama akiosha masahani ndani ya beseni, maji yakisha kuwa machafu, hawezi kuongeza kikombe kimoja cha maji safi aseme beseni imekuwa safi. Anamwaga. Na moteri ni vile vile. Ukiongeza bila kumwaga, uchafu wote unabaki ndani, unasaga chuma kama mchanga.

Angalisho: katika moteri ya mazutu, mafuta yanakuwa meusi haraka, hata siku chache baada ya kubadilisha. Hiyo si alama ya ubaya, yanaonyesha kwamba yanaosha. Rangi peke yake isikudanganye. Hesabu ya saa ndiyo inasema ukweli. Lakini ukiona mafuta meupe kama maziwa, simamisha moteri: maji yameingia.

Kwa nini wa Ulaya wanangoja na sisi hatuwezi?

Ndugu aliye Ulaya anaweza kukuambia gari yake inafanya vidanje baada ya kilometa 15 000 ao zaidi. Hasemi uongo. Gari yake inabeba lita 4 ao 5 za mafuta ya hali ya juu, ina filtri nzuri, na inatembea kwenye lami. Pikipiki ya kwetu inabeba karibu lita 1 tu, inapanda milima na magunia mawili nyuma, ndani ya vumbi na matope. Lita moja hiyo inafanya kazi ya lita tano. Kwa hiyo wamotari wetu, musingoje. Fanyeni vidanje kila kilometa 1 500 mpaka 2 000. Pikipiki mpya, vidanje ya kwanza ije mapema, kati ya kilometa 500 na 1 000, kwa sababu chuma kipya kinatoa unga mwingi kinapozoeana.

Mashini ya kusaga haina kilometa

Hapa ndipo kooperative nyingi zinapotea. Pikipiki ina kihesabu kilometa, lakini moteri ya kusaga haina. Inahesabiwa kwa saa. Kwa moteri ndogo za silinda moja tunazotumia, vidanje ya kwanza ni baada ya saa 50, halafu kila saa 100. Kama kitabu cha moteri yenu kinasema saa chache zaidi, fuateni kitabu.

Tufanye hesabu. Mashini ikisaga saa 6 kwa siku, siku 5 kwa juma, inafanya saa 30. Saa 100 zinafika baada ya juma tatu na siku mbili. Kwa mwaka wa majuma 50 inafanya saa 1 500. Ingekuwa gari inayokwenda kilometa 40 kwa saa, ingekuwa imekwisha kilometa 60 000 kwa mwaka mmoja! Na sisi tunasema « iko fasi moja tu, haichoki ».

Kwa hiyo mununue daftari. Kila siku anayeendesha mashini aandike saa ya kuwasha, saa ya kuzima na jumla. Ikifika 100, vidanje, hata kama foleni ya wamama iko ndefu. Daftari hiyo si ya fundi peke yake. Kila mwanamemba ana haki ya kuiomba na kuisoma.

Pesa itoke wapi?

Tuseme moteri yenu inabeba lita 3. Chukueni bei ya lita 3, mugawanye kwa 15. Hiyo ndiyo pesa ya kuweka pembeni kila siku ya kazi, mbele ya kugawa faida. Saa 100 zikifika, mafuta yamekwisha kulipwa, na kidogo kinabaki.

Namna ya kufanya

1. Washa moteri dakika 5 ao 10, kisha zima. Mafuta ya moto yanatoka pamoja na uchafu.
2. Weka beseni chini, fungua bulo ya chini, acha yatoke mpaka tone la mwisho.
3. Osha chujio cha mafuta kwa mazutu. Safisha pia chujio cha hewa, maana unga na vumbi vinapita hapo.
4. Funga bulo, tia mafuta mapya mpaka alama ya juu ya kipimo. Yasipite: mafuta kupita kiasi nayo yanaharibu.
5. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha, angalia kipimo.

Sokoni tazama maandishi kwenye bidoni: baada ya neno API, herufi C ni ya moteri ya mazutu, herufi S ni ya moteri ya esansi. Bidoni iliyofunguliwa, usinunue.

Mafuta ya zamani musiyamwage mtoni wala shambani, na musipake vidonda vya mbuzi. Muyaweke ndani ya bidoni yenye kifuniko, mbali na watoto na chakula.

Kwenye mkutano wenu ujao, mwanamemba mmoja asimame aulize swali moja tu: « Vidanje ya mwisho ilikuwa tarehe gani? » Kama hakuna anayejua, muifanye kesho asubuhi, na daftari ianze siku hiyo.