Angiosakoma

Angiosakoma ni saratani adimu inayoanzia katika seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu au ya limfu. Ni kati ya asilimia 1 na 2 tu ya sakoma zote za tishu laini. Inaweza kutokea popote mwilini, lakini mara nyingi huanza kwenye ngozi ya kichwa na uso ya wazee.

Dalili kwenye ngozi

Mwanzoni huonekana kama damu iliyovilia: doa jekundu au la zambarau, lisilo na mipaka wazi na mara nyingi lisilouma. Kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana jeusi tu. Ndiyo maana hupuuzwa, hasa na mtu anayekumbuka kwamba alijigonga. Lakini damu iliyovilia kwa kawaida hufifia na kutoweka ndani ya wiki chache, wakati doa hili hubaki, hupanuka, huota vinundu na hatimaye hutoka damu likiguswa. Likiwa chini ya nywele huweza kukua kwa miezi kadhaa bila mwenyewe kulijua.

Wanawake waliotibiwa saratani ya titi kwa mionzi wanaweza kupata madoa ya aina hiyo kwenye ngozi ya titi miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1948 Fred Stewart na Norman Treves walieleza wagonjwa 6 walioipata kwenye mkono uliokuwa umevimba kwa muda mrefu baada ya titi kukatwa.

Ndani ya mwili

Hapa dalili hazielekezi moja kwa moja kwenye ugonjwa. Ikiwa kwenye ini kuna maumivu ya tumbo na kukonda. Kwenye moyo, pumzi fupi na maji kuzunguka moyo. Angiosakoma ya ini ilijulikana zaidi mwaka 1974, ilipogunduliwa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha plastiki mjini Louisville, Marekani, waliovuta hewa yenye kloridi ya vinili.

Utambuzi

Uhakika hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha tishu na kukipima kwa hadubini. Katika Afrika ya Mashariki madoa ya zambarau husababishwa mara nyingi zaidi na sakoma ya Kaposi, ambayo seli zake huwa na virusi vya HHV-8. Tofauti hiyo ina uzito: Kaposi ya mgonjwa wa UKIMWI inaweza kupungua kwa dawa za ARV, lakini angiosakoma haiponi kwa dawa hizo, na ikiwezekana hukatwa mapema kabla haijaenea mapafuni.